Re: Waziri kajibu bungeni kuhusu madarasa ya shule yetu, nianzie wapi?

Habari mkuu, pole na mizunguko. Nimekuelewa hivi: mbunge wenu kauliza kuhusu madarasa, kajibiwa yatajengwa, ukaenda Wizara ya Elimu wakakurudisha. Hapo ndo ulipokwama, maana sera na mitaala ni yao ila majengo ya shule za msingi na sekondari za serikali yako TAMISEMI (wanaosimamia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) kupitia halmashauri, hata jibu lenyewe mara nyingi linatoka kwa Waziri au Naibu wa TAMISEMI.

Cha kwanza kabisa ingia tovuti ya Bunge, tafuta Hansard (kumbukumbu rasmi za yaliyosemwa bungeni) ya siku ile, usitegemee klipu ya WhatsApp. Soma maneno yenyewe. Kama ametaja mwaka wa fedha na kiasi, hapo una pa kushikia, ila kama kasema "kadri ya upatikanaji wa fedha" ndugu yangu hiyo haina tarehe, usiwape wazazi matumaini.

Sisi huku Mbagala tuliprinti ule ukurasa tukampelekea diwani, tukamwomba aulize kwenye baraza la madiwani kama hela iko kwenye bajeti ya manispaa, na ndipo tukajua haikuwemo kabisa, tungekaa tunasubiri tu na watoto wanakaa chini. Kwa hiyo wahi kabla bajeti haijapangwa, mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, ukienda Juni umechelewa. Barua ipitie kamati ya shule, nakala kwa Afisa Elimu Kata, na igongwe muhuri wa kupokelewa.

Mimi nilifuatilia ya msingi tu, aliyefuatilia sekondari aongezee.