Kadi inaonekana, waifai haitoki

SWALI: Fundi, salamu kutoka Lurambi, Kakamega. Mimi ni mwalimu mstaafu. Wajukuu wakija likizo intaneti yangu hugeuka soko, basi nikachukua kompyuta ndogo ya ofisini yenye tundu mbili za waya, nikaiwekea programu ya OPNsense iwe ruta na faiawoli (mlinzi wa mtandao) ya nyumba. Upande wa waya hauna neno. Kwa waifai, nilifungua laptopu iliyopasuka kioo, nikachomoa kadi yake ya Intel nikaipachika. Mashine inaiona, hata jina inalitaja, na mitandao ya majirani inaiorodhesha yote. Ila pa kuiambia itoe waifai yake yenyewe sipaoni. Kijana mmoja wa mjini anasema kadi imekufa, ninunue nyingine kama hiyo. Ninunue?

JIBU: Usinunue, Mwalimu. Kadi iliyokufa itasomaje majina ya majirani?

OPNsense imejengwa juu ya FreeBSD, mfumo endeshi kama Linux au Windows, na huko draiva (programu za kuendesha vifaa) za kadi za Intel zinajua kujiunga na mtandao wa mtu mwingine. Kuwa kituo chenyewe, simu na laptopu zije zijiunge nacho, hazijui. Wewe umeshika chaki miaka mingi, unamjua yule mtoto anayesikiliza vizuri kuliko wote lakini ukimsimamisha mbele ya darasa hatoi neno. Ukinunua nyingine kama hiyo utakuwa na watoto wawili kimya.

Hakikisha mwenyewe. Fungua dirisha la amri uandike ifconfig wlan0 list caps, kisha soma mstari wa drivercaps. Neno HOSTAP, yaani uwezo wa kuwa kituo, lisipokuwemo, hata ubofye mpaka asubuhi hutatoa waifai. Na ukikutana na mtu anayeapa kwamba kadi ya Intel ilimtolea, muulize alikuwa na mfumo gani. Kwenye Linux nyingi hutoa, ila mara nyingi kwa masafa ya 2.4 GHz peke yake.

Kadi ambazo FreeBSD inaelewana nazo kwa kazi hii ni za Atheros za zamani, mfano AR9280. Nimeziokota soko la Kibuye, Kisumu, siku za Jumapili, ndani ya laptopu zilizokufa. Lakini kasi yake ni ya kile kizazi cha waifai kiitwacho n, cha mwaka 2009, na wajukuu wako watano wakifungua video pamoja utaniandikia tena.

Halafu kuna umbo la kadi. Mimi mwenyewe niliumia hapa. Nilitaka kadi ya waifai ya Intel AX200, muuzaji akanipa AX201, nami kwa ujuaji wangu nikafurahi: namba kubwa, kadi mpya! Iliingia kwenye soketi ya M.2, ile nyembamba ya kadi za kisasa, vizuri kabisa, skrubu ikakaza, na mashine haikuiona hata kidogo. Ile 201 ni nusu ya kadi tu. Nusu nyingine imo ndani ya prosesa na chipu za Intel zenyewe, na bodi yangu ilikuwa ya AMD. Jioni nzima nilikuwa nikilaumu soketi. Hata vishikizo vya antena havilingani: vya kadi za zamani ni kama punje ya mtama, vya M.2 kama punje ya wimbi. Ukikilazimisha kinajikunja, na kikishajikunja ndiyo basi.

Kwa hiyo mimi ningeacha kadi kabisa. Bila shaka una ruta ya zamani kabatini, ile uliyoiondoa ulipoweka faiawoli. Iwashe ikiwa peke yake, uipe anwani 192.168.1.2, kwa sababu OPNsense kwa kawaida hukaa 192.168.1.1. Kisha zima DHCP yake, yaani kazi ya kugawia vifaa anwani. Usiruke hapo: mashine mbili zikigawa anwani kwa pamoja, simu moja itapata intaneti na nyingine itazunguka tu, na lawama itaangukia faiawoli isiyo na kosa. Mwisho, waya unaotoka upande wa LAN (mtandao wa ndani ya nyumba) wa kompyuta yako uchomeke kwenye tundu mojawapo la LAN la ruta hiyo. Lile la WAN (la intaneti ya nje), mara nyingi lenye rangi tofauti, liache wazi. Sheria zote za faiawoli zitaendelea kufanya kazi, na hiyo ruta unaweza kuipeleka sebuleni walipo watoto, badala ya kutegemea antena mbili fupi zilizofichwa nyuma ya kabati la bati.

Kadi ya Intel irudishe kwenye laptopu yake, kioo kinabadilishwa. Na yale matundu mawili ya antena uliyoyaacha wazi nyuma ya kompyuta yazibe kwa utepe. Nimeshafungua mashine ya mteja nikakuta mende wamehamia humo na familia.