Maswali na Majibu: Karatasi ya Mhusika Iliyochorwa kwa Mkono

Tumepokea maswali kadhaa kuhusu vitabu vya mchezo, yaani vile ambavyo msomaji mwenyewe ndiye shujaa: anasoma aya yenye namba, anachagua njia, anarusha dadu anapokutana na adui, kisha anakwenda kwenye aya nyingine kulingana na matokeo. Hali ya shujaa huyo, tangu uhai wake hadi chakula kilichobaki mkobani, huandikwa kwenye karatasi moja ambayo hapa tutaiita karatasi ya mhusika. Wote waliotuandikia wanaichora kwa mkono, na karibu wote wameanza na nakshi. Mimi ningeanza na kifutio.

Mwalimu, ninaandika kisa cha kubuni kinachotokea Kitara, ufalme wa kale wa magharibi mwa Uganda, enzi za Wachwezi, watawala wake wa kwenye simulizi. Karatasi yangu ina sifa kumi na mbili, zikiwemo hekima, sauti, kasi na uvumilivu. Wenzangu wanadai imejaa mno. Nipunguze zipi? (Msomaji, Fort Portal)

Jibu halimo kwenye karatasi, limo kwenye muswada wako. Soma aya zote ukiwa na penseli, na uweke alama kila mahali ambapo sifa fulani inapimwa kwa dadu, inaongezeka au inapungua. Sifa iliyopata alama mbili tatu tu katika kitabu kizima haistahili kisanduku chake; igeuze iwe kipaji kinachoandikwa kwa neno moja katika mstari wa vipaji, na aya inayokihitaji iulize tu kama msomaji anacho. The Warlock of Firetop Mountain, kitabu cha Steve Jackson na Ian Livingstone kilichotoka Uingereza mwaka 1982, kiliendesha aya 400 kwa sifa tatu: ustadi, uhai na bahati. Sisemi nawe ubaki na tatu, lakini ukivuka tano uwe na sababu ambayo msomaji ataiona akiwa anacheza, si sababu inayokupendeza wewe peke yako mezani.

Nimechora visanduku vizuri, vyote vya ukubwa mmoja, lakini baada ya mapambano machache sehemu ya uhai inachakaa na karatasi inatoboka. Je, ninunue karatasi nzito zaidi? (Msomaji, Mbarara)

Karatasi nzito itasaidia kidogo, lakini chanzo ni huo ukubwa mmoja unaousifu. Visanduku havifanyi kazi sawa, kwa hiyo havipaswi kulingana. Tuchukue tena mfumo ule wa mwaka 1982. Ustadi huanza kwa dadu moja na kuongeza 6, na baada ya hapo hubadilika kwa nadra. Bahati huanza kwa hesabu hiyohiyo, lakini hupungua kwa 1 kila inapojaribiwa. Uhai huanza kwa dadu mbili na kuongeza 12, maana yake ni kati ya 14 na 24. Kila jeraha huondoa 2, na kila mlo hurudisha 4. Katika safari moja, basi, ustadi unaweza kuandikwa mara moja na usiguswe tena, ilhali uhai unafutwa na kuandikwa upya mara nyingi kiasi kwamba hakuna karatasi ya kawaida ya fotokopi, ile ya gramu 80, itakayovumilia.

Gawa nafasi kwa kufuata hesabu hiyo. Kila sifa ipewe sehemu mbili: ndogo ya kiwango cha mwanzo, kwa kuwa kanuni nyingi zinakataza kukivuka, na kubwa ya kiwango cha sasa. Kwa ustadi, sehemu hiyo kubwa iwe na upana wa sentimita moja na nusu, inatosha. Kwa bahati, chora ngazi fupi ya namba kuanzia 12 kushuka hadi 0, ambazo msomaji atakuwa akizikata kwa mkwaju mmoja mmoja bila kufuta chochote.

Uhai unahitaji mbinu nyingine, kwa sababu hushuka na kupanda. Mbinu ninayoipenda ni kuziandika namba 24 hadi 0 wima kando ya ukingo wa kulia wa karatasi, kisha kuchomeka klipu ya karatasi ukingoni na kuisogeza juu au chini. Nafasi 25 zenye urefu wa milimita 7 kila moja zinachukua milimita 175, nazo zinaingia kwenye ukurasa wa A5, ambao una urefu wa milimita 210, na bado kichwa na mguu wa ukurasa vinabaki huru. Namba ziwe karibu na ukingo ili klipu izifikie, na hapo ndipo ushauri wako wa karatasi nzito unapofaa: tumia manila, kwa maana karatasi nyepesi hujikunja kila klipu inaposogezwa. Ukiwa na subira, tia rangi nyekundu nafasi tano za chini, yaani 4 hadi 0. Mchezaji aliyebakiwa na uhai wa 4 anajua bila kuhesabu kwamba majeraha mawili yanammaliza.

Visanduku vya maadui viwe vidogo na vingi. Kila kimoja hutumika mara moja tu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Tungependa kuchora karatasi moja halisi kisha kuwapatia wanafunzi nakala za fotokopi. Nakala za kwanza zilitoka na madoa ya kijivu na pembeni zimekatika. (Msomaji, Arua)

Fotokopi ina mambo yake, Mwalimu mwenzangu, na ni heri kuyajua kabla ya kushika wino. Mistari ya kukadiria ichorwe kwa penseli ya buluu hafifu, kwa sababu mashine nyingi zinazonakili kwa nyeusi na nyeupe haziioni rangi hiyo. Hutalazimika kuifuta, na wino wako hautachafuka. Usitie kivuli kwa kusugua penseli, maana ndicho kinachogeuka madoa. Kivuli kitengenezwe kwa mistari myembamba ya wino iliyo sambamba, ikikaribiana pale unapotaka giza. Acha pembeni tupu kwa angalau sentimita moja pande zote, kwani mashine za kawaida hazichapi hadi ukingoni. Anayetaka ngazi ya klipu niliyoieleza hapo juu atapunguza pembeni hiyo kwa mkasi baada ya kunakili.

Chora kwenye A4, kisha upunguze hadi A5, yaani asilimia 71. Mitetemo ya mkono hupungua pamoja na mchoro, na kazi huonekana safi kuliko ilivyo. Ila hesabu kabla: mstari wa nusu milimita utakuwa wa milimita 0.35, na herufi zenye kimo cha milimita 4 zitashuka hadi chini ya 3, ambazo mwanafunzi wa dawati la nyuma hatazisoma. Andika vichwa vya visanduku kwa milimita 6. Kama mtachapisha nakala nyingi, wachapaji wa Nasser Road jijini Kampala watawaomba faili. Skani mchoro wa wino kwa nukta 600 kwa inchi.

Nimeacha nafasi kubwa ya picha ya shujaa na nimemchora kijana mwenye mkuki. Dada yangu anasema nimekosea. (Msomaji, Soroti)

Dada yako yuko sahihi. Kitabu kinamwita msomaji "wewe" tangu aya ya kwanza, halafu karatasi inamwonyesha mtu mwingine. Acha fremu tupu, atakayependa atajichora. Nafasi utakayookoa itumie kuorodhesha vitu vya mkobani.

Ningependa karatasi yangu ionekane ya Uganda, lakini nakshi za vikapu na ngoma naziona kila mahali. Kuna njia nyingine? (Msomaji, Masaka)

Ipo, nayo ni kuiweka Uganda ndani ya kanuni badala ya kuizungusha pembeni kama ukili wa mkeka. Mfano ulio karibu nawe ni muziro, yaani mnyama au kitu ambacho watu wa ukoo fulani wana mwiko wa kukila. Katika koo za Buganda, mtu wa ukoo wa Nsenene hali senene, na wa Mmamba hali kamongo. Weka kisanduku kimoja cha mwiko, ambacho msomaji hukijaza mwanzoni mwa safari kwa kuchagua kutoka katika orodha ya wanyama uliyoitunga. Kisha katika aya fulani mwenyeji amkaribishe shujaa mwenye njaa, mezani pawe na mnyama yuleyule, na asipate zile 4 za uhai ambazo mlo hurudisha. Kisanduku kidogo cha namna hiyo kinamfanya mchezaji aitazame karatasi kwa makini kabla ya kila mlo. Ningekushauri utunge koo zako mwenyewe, kwa kuwa kisa ni cha kubuni na miziro ya watu ni jambo la heshima. Sarafu nazo si lazima ziwe za dhahabu: kauri, yaani makombe madogo ya baharini, zilitumika kama fedha Buganda katika karne ya 19, na kuzichora ni rahisi, duara lililobonyea lenye ufa katikati. Zichore kumi kumi ili zikatwe kwa mafungu.

Wadogo zangu hawana dadu. Je, karatasi inaweza kuchukua nafasi yake? (Msomaji, Jinja)

Inaweza, upande wa nyuma. Chora jedwali la visanduku 36, sita kwa sita. Msomaji hufumba macho na kugusa kwa ncha ya penseli. Kosa la kawaida ni kuandika 2 hadi 12 mara moja moja na kudhani kazi imekwisha. Dadu mbili hazitendi hivyo: 7 hutokea kwa njia sita kati ya 36, ilhali 2 na 12 zina njia moja moja. Mwenye bahati ya 9 akirusha dadu mbili hufaulu akipata 9 au chini yake, yaani kwa asilimia 83. Kwenye jedwali la namba kumi na moja zilizo sawa angefaulu kwa asilimia 73 tu, na kitabu kizima kingekuwa kigumu kuliko ulivyokusudia. Kwa hiyo andika 2 mara moja, 3 mara mbili, 4 mara tatu, 5 mara nne, 6 mara tano na 7 mara sita, kisha ushuke vivyo hivyo hadi 12 mara moja. Zitawanye bila mpangilio, na tengeneza majedwali mawili au matatu tofauti, kwa sababu watoto hawachelewi kukariri kona ilipo 12.