Hiyo namba ya tarakimu 6 usimpe mtu

Ndugu yangu wa Ujiji, umeuliza kwa nini rafiki yako wa WhatsApp anang'ang'ania umtumie namba ya tarakimu 6 iliyoingia kwako kwa meseji, eti imekosea njia. Usimpe! Huenda si yeye, akaunti yake imeshatekwa. Namba hiyo ndiyo ufunguo: hutumwa pale mtu anapojaribu kufungua WhatsApp kwa laini yako kwenye simu nyingine. Dada yangu hapa Mwanga aliitoa asubuhi. Jioni ndugu wakaombwa hela kwa jina lake. Inauma sana.

Mpigie rafiki kwa simu ya kawaida. Kisha ndani ya WhatsApp ingia Mipangilio, Akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani PIN ya ziada unayoijua wewe tu. Kama umeshaitoa namba ile ya tarakimu 6, jisajili upya WhatsApp kwa laini yako sasa hivi. Namba ya simu ya tapeli itume kwa meseji kwenda 15040, ndiko utapeli unakoripotiwa. Hela ikishatumwa, nenda polisi.