Kwa nini ukuta wa kadibodi unapinda ukishapakwa rangi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Morogoro. Usiku watoto wakishalala najenga reli ya mfano, skeli ya HO (kila kitu kimepunguzwa mara 87), juu ya ubao wa mita mbili (mke wangu anaiita ya kuchezea, sibishani naye). Nataka kituo kidogo cha Reli ya Kati kama nilichokijua utotoni: kuta nyeupe, baraza mbele, paa la bati lenye kutu. Kuta nakata kwenye kadibodi na kuunga kwa gundi nyeupe ya mbao. Nikishapaka rangi, asubuhi nazikuta zimepinda kama ganda la muwa. Nimebadilisha gundi mara tatu. Kosa liko wapi? Na hilo bati nitalitengenezaje?

JIBU: Mwalimu, iache gundi, haina kosa. Kosa ni kupaka upande mmoja.

Kadibodi ni nyuzi zilizoshikana, na nyuzi zikinywa maji hunenepa. Ukipaka rangi ya maji usoni, upande huo unanenepa na ukuta unabinukia nyuma. Rangi ikianza kukauka inajikaza, inauvuta ukuta kwa mbele. Bila shaka umeona kwamba wakati wa kulala ulikuwa umepinda huku, asubuhi umegeukia kule. Mimi natengeneza mifano ya majengo kwa ajili ya wasanifu hapa Dar es Salaam, na somo hili nililipata kwa aibu: nilipeleka jengo la ghorofa nne kwa mteja, paa likajikunja mezani kwake kabla kikao hakijaisha, kwa hewa kavu ya kiyoyozi tu. Chini ya paa lile sikuwa nimepaka chochote.

Kwa hiyo kata kuta zote na madirisha yake kwanza, kisha zipake vanishi ya mafuta, ile isiyochanganywa na maji, mbele, nyuma na kwenye kingo. Zisimamishe zikauke, usizilaze. Pitisha msasa laini kidogo, ndipo uje na rangi, na kila mkono unaoupaka mbele uupake na nyuma, hata kama nyuma haitaonekana na mtu.

Jambo la pili ni mwelekeo wa nyuzi. Kata kipande cha kadibodi ukubwa wa kiberiti, kilowanishe uso mmoja kwa kidole. Kitajiviringa kama msokoto, na nyuzi zimelala kwa urefu wa ule msokoto. Ukuta mrefu ukate nyuzi zikienda na urefu wake. Hapo hata ukitaka kupinda, utapinda kutoka juu kwenda chini, sehemu fupi, na kijiti kimoja kinatosha kuuzuia.

Lakini kwa jengo unalolitaka, mimi nisingetumia ukuta wa kadibodi moja hata kidogo. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Kigoma 1914, na majengo ya zama hizo za Wajerumani yana kuta nene. Ukisimama dirishani, fremu imezama ndani. Chukulia ukuta wa sm 45: gawa kwa 87, unapata mm 5 na ushee. Sasa chukua kadibodi mbili za mm 1 na katikati ubandike vijiti vya mishkaki, vile vya mm 3, kuzunguka kingo zote na kila dirisha. Unapata mm 5 kamili, dirisha lina kina chake na kivuli chake, na kisanduku cha namna hiyo hakipindi kirahisi. Mlango wa mita 2.1 unakuwa mm 24. Vipimo vingine vyote ni hivyohivyo, kikokotoo cha simu kinatosha.

Bati sasa. Mawimbi ya bati la kawaida yanapishana kama mm 76, kwa hiyo kwenye skeli yako ni chini kidogo ya mm 0.9. Nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue bolti ndefu yenye nyuzi mwanzo hadi mwisho, ile inayofunguliwa kwa spana namba 8. Nyuzi zake zinapishana mm 0.8, na jicho halitaona tofauti. Tandaza foili ya jikoni juu ya ndala kuukuu, viringisha bolti juu yake ukikandamiza kama unasukuma chapati. Mistari itatoka, ila imekaa upogo kidogo kwa sababu nyuzi za bolti zinapanda kwa kuzunguka. Usishtuke. Ndiyo maana unakata vipande baada ya kuviringisha, ukifuata mistari yenyewe: upana mm 9, urefu mm 35, ambao ni bati la futi 10. Bandika kwa gundi ya fundi viatu, ukianzia chini ya paa kwenda juu, kila bati likilalia lililo chini yake. Kutu utaipata kwa kuloweka stilwaya ya kusugulia sufuria ndani ya siki siku kadhaa, kisha upake maji yake juu ya bati. Ianzishe kwenye maungio na kwenye kingo za chini, maana bati huanza kuliwa pale maji yanapokaa.

Jambo moja hukuliuliza. Njia ya HO ina upana wa mm 16.5, na ukizidisha kwa 87 unapata mm 1,435, yaani reli ya SGR. Reli ya Kati ni ya mita moja, ingekuwa mm 11.5. Mimi ningeiacha hivyohivyo, lakini siku akija mgeni anayejua, usiseme hukuambiwa.

Zile kuta zilizopinda usizitupe. Zipake mgongoni rangi ileile, subiri hadi isishike kidole, zifunike kwa kitambaa safi cha pamba na uzilaze chini ya rundo la madaftari ya wanafunzi kwa siku mbili. Usisahihishe kwanza.