Kabla hujaihukumu turbo, shika kwanza ile hosi nyembamba

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya gereji, nataka tuongee hili la turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili isukumie injini hewa nyingi, maana linaniuma. Gari linakuja halina nguvu, mwenyewe anasema mlimani linalala, fundi anafungua boneti dakika mbili alafu anasema turbo imekufa nenda Kisekka, soko la spea pale Kampala, utafute ingine. Mwenye gari anauza mbuzi, analeta turbo ya mtumba, inafungwa, na gari linabaki vilevile. Mara nyingi turbo yenyewe ni nzima kabisa, kinachoumwa ni vile vitu vidogo vinavyoiambia ipulize kiasi gani.

Niwaambie Subaru Forester moja iliyonifundisha. Jamaa wa Jinja aliileta akilalamika, akikanyaga linavuta vizuri sana alafu ghafla linakata kama mtu amezima swichi, baada ya sekunde linarudi. Hiyo ni kompyuta inakata mafuta kwa sababu presha ya turbo imepanda kupita kiasi. Nikafuata mipira yote na mkono, nikakuta ile hosi nyembamba inayotoka turbo kwenda kwa solenoidi, ile valvu ndogo ya umeme inayoongozwa na kompyuta, imepasuka karibu na klipu. Upande wa egzosti wa turbo kuna kamlango kanaitwa westigeti, presha ikifika kiasi chake inapita kwenye hosi hiyo, inasukuma daifram, yaani utando wenye fimbo, kamlango kanafunguka na moshi unapita pembeni bila kuzungusha turbo. Sasa hosi ikipasuka daifram haipati habari, kamlango kanakaa kimefungwa, turbo inapuliza tu. Nikaweka hosi mpya nzuri, ile ya zamani nikatupa kwenye takataka, jamaa akaenda.

Kesho yake amerudi. Haikati tena lakini gari limelala, halina turbo kabisa. Nilihangaika siku mbili nzima, nikabadili solenoidi, nikatoa intakula, ile rejeta ya kupoza hewa ya turbo, nikaipima, nikaanza kuishuku turbo yenyewe, mpaka mzee wetu pale gereji akaniuliza swali moja tu, hosi ya zamani iko wapi? Tukaenda kuichokora kwenye takataka, mzee akaipasua kwa wembe, ndani kulikuwa na kipande kidogo cha shaba kina tundu ambalo pini inaingia kwa shida. Kile kipande kinapunguza hewa inayokwenda kwa daifram ili solenoidi iweze kumwaga sehemu yake na kuchelewesha westigeti kufunguka. Bila hicho hewa inafika nyingi, solenoidi inashindwa kumwaga yote, kamlango kanafunguka mapema na turbo haijafanya kazi. Nikakirudisha kwenye hosi mpya, tukapanda na jamaa mlimani, gari likaamka. Tangu siku ile situpi mpira wa zamani mpaka mteja aende na arudi kunisalimia.

Kwa hivyo kazi ianze hivi. Chomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, washa swichi bila kuwasha injini, angalia sensa ya presha inasoma ngapi. Kampala tuko juu kama mita 1,200, kwa hiyo lazima isome karibu na 88 kPa, hicho ni kipimo cha presha ya hewa, Kabale ni kama 80, ile 101 mnayoona kwenye vitabu ni ya watu wa pwani Mombasa. Ukiwa Kampala na sensa inakuambia 101 injini imezimwa, huyo anadanganya na kompyuta inamwamini. Mashine ikionyesha namba ya kosa P0299 maana yake presha ni ndogo kuliko iliyoombwa, P0234 imezidi, basi. Hakuna mahali imeandikwa nunua turbo.

Alafu tafuta kuvuja. Sisi tunaziba mdomo wa turbo kwa kifuniko cha bomba la plastiki tulichokiwekea valvu ya tairi, tunajaza hewa pole pole mpaka psi 15 hivi, tunapaka maji ya omo kwenye kila klipu na pembe za intakula. Povu linasema lenyewe. Mafuta kidogo ndani ya paipu yasikutishe, mvuke wa injini hupita huko. Daifram ya westigeti nayo ipime kwa pampu ya mkono, sio kompresa ya gereji, maana ile presha kubwa itaipasua na hapo umeongeza shida.

Dizeli nyingi hapa zina turbo ya mabawa, yale mabawa ya ndani yanajikunja na kujikunjua kuelekeza moshi, na mengine yanavutwa na vakyumu, yaani nguvu ya kufyonza hewa. Chomoa hosi kwa daifram, weka pampu ya vakyumu, vuta, ile fimbo itembee laini mpaka mwisho na sindano ya pampu isirudi. Sindano ikirudi, utando umetoboka. Fimbo ikikwama katikati ni masizi, hasa gari la kushinda kwenye jam ya mjini halipati barabara ndefu ya kuchoma. Hapo turbo inatolewa inasafishwa. Na ukiona pedali ya breki nayo imekuwa ngumu, usiguse turbo, anza na pampu ya vakyumu na mipira yake, kwa magari mengi ni ileile inayosaidia breki.

Kitu kimoja naomba sana, usifunge fimbo ya westigeti kwa waya ili gari livute mteja afurahi. Nimeona pistoni iliyoyeyuka kwa sababu ya waya hiyo, na mwenye gari alikuwa mama anayebeba watoto wa shule.

Ukimaliza usimwachie mteja ajaribu mwenyewe. Chukua mwenzako ashike mashine, pandeni mlima wa Muyenga hapa Kampala na gia ya tatu, umekanyaga, yeye aangalie presha inayoombwa na presha inayopatikana. Zikipanda pamoja mwite mwenye gari. Iliyopatikana ikibaki chini njia nzima, bado kunavuja au mabawa hayafungi, na ikiruka juu alafu ikashuka alafu ikaruka tena, kuna kitu kinakwama, rudini chini mfungue tena hata kama jua limeshazama.