Nilikuwa nalipa kelele, silipi deni

Mdogo wangu, nimekusoma mara mbili. Unalipwa shilingi 650,000 kwa mwezi kwenye stoo ya kiwanda Vingunguti, unaishi Kimara na mke na mtoto mmoja. Unadaiwa SACCOS ya kazini (chama cha akiba na mikopo) 1,300,000, kausha damu (wale wakopeshaji wa mtaani wanaodai kila siku) 350,000, programu tatu za mikopo za simu jumla 410,000, na rafiki yako 200,000. Unauliza uchukue mkopo wa benki wa 3,000,000 ulipe wote na chenji ianzishe biashara, au uvunje laini uhame mtaa. Waliokujibu "dawa ya deni kulipa" hawajakosea, ila hawajakwambia uanze na lipi. Mimi hapo ndipo nilipopotelea, tena kwa muda mrefu.

Nauza mitumba, nguo za watoto. Soko la Karume hapa Dar es Salaam lilipoungua usiku wa kuamkia tarehe 16 Januari 2022, kizimbani kwangu kulikuwa na marobota mawili, moja halijakatwa hata kamba. Nilifika alfajiri nikakuta mabati yamekunjamana kama karatasi. Robota lile zima lilikuwa la mali kauli, nimechukua kwa mzee mmoja Kariakoo ambaye kwa miaka minne ananipa mzigo kwa mdomo tu, nauza ndipo namrudishia. Na mwezi mmoja kabla nilikuwa nimevuta 2,500,000 kwenye taasisi ya mikopo, rejesho 205,000 kila mwezi kwa miezi kumi na sita. Nguo ziliungua. Deni haliungui.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Nilikuwa na uwezo wa kwenda taasisi wiki ileile, soko zima linajulikana limeungua, redio zote zimetangaza. Sikwenda. Niliona aibu, nikajiambia nitajiunga-unga mwezi mmoja miwili. Rejesho la kwanza nikalilipa kwa fedha ya kausha damu. Kausha damu nikamlipa kwa mkopo wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. VICOBA walipoanza kunitazama vibaya kikaoni, nikachukua kausha damu wa pili. Mei nauli za daladala zikapanda, wateja wakapunguza kununua, mimi nikawa natembeza nguo begani Tandika na Mbagala Rangi Tatu huku kila jioni kuna mtu ananisubiri na daftari.

Hesabu ya kausha damu nakupa yangu, uone kama inafanana na yako. Nilisaini 300,000. Wakakata 20,000 ya fomu na sijui bima gani, mkononi nikapata 280,000. Marejesho 13,000 kila siku kwa siku thelathini, yaani 390,000. Kwa hiyo 280,000 niliilipia 110,000 ndani ya mwezi mmoja. Benki Kuu ya Tanzania imeweka kikomo cha riba kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni, asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tatu hiyo ni 10,500. Tena usidhani ile fedha unakaa nayo mwezi mzima: siku ya kumi na tano umesharudisha 195,000, lakini bado unalipia kana kwamba laki tatu zote ziko mfukoni. Halafu ikifika siku ya ishirini na kitu wanakwambia kwa sauti tamu, "Wewe mteja mzuri, vuta tena, tunakata lililobaki." Mimi nilivuta tena mara tatu. Tatu!

Nilichokuja kukielewa baadaye ni kwamba nilikuwa silipi deni, nalipa kelele. Anayekuja kusimama mbele ya meza yangu saa kumi jioni wateja wakisikia, huyo anapata 13,000 zake aondoke. Kesho karudi. Yule mzee wa Kariakoo aliyepoteza robota zima kwa ajili yangu alipiga simu mara moja tu, akanipa pole, hakupiga tena. Dada yangu aliyenipa 400,000 bila karatasi, naye kimya. Kwa hiyo wapole walikaa miezi minane bila kuona senti, na wenye kelele walikula kila siku bila deni lao kwisha.

Septemba 2022 ndipo nilipokaa chini. Sikukaa kwa hekima, nilikaa kwa fedheha. Kuna programu moja ya simu nilikopa nikachelewa siku nne, deni 84,000 na faini zake. Wakachukua majina yote kwenye simu yangu wakaanza kutuma ujumbe kwamba mimi ni tapeli. Ujumbe ukamfikia baba mkwe, Korogwe. Ukamfikia ustadhi wa madrasa ya mwanangu. Mpaka fundi aliyenitengenezea choo mwaka juzi akanipigia kuuliza kama niko salama.

Usiku ule nikachukua kaunta buku ya mtoto, nikamwita mke wangu, nikamwambia nataka kuandika kila kitu na yeye aone. Kabla ya hapo kichwani nilikuwa nasema nadaiwa "kama milioni tatu hivi". Tukaandika. Taasisi imebaki 1,640,000. Mali kauli 1,150,000. VICOBA 600,000. Dada 400,000. Kausha damu wa kwanza 390,000, maana nilikuwa nimevuta upya juzi yake, wa pili 260,000. Kodi ya miezi miwili 160,000. Programu 84,000. Mangi wa dukani 67,000, ya unga, sabuni na mafuta ya kupima. Nikajumlisha: 4,751,000. Mke wangu akanyamaza muda mrefu, nikajua sasa nalala nje. Akasema, "Andika na 180,000." Ya nini? Kumbe naye alikuwa na kausha damu wake, anawalipa kwa fedha ya vitumbua, miezi mitatu sina habari. Alichukua ili mimi nisijue chakula kimeisha.

Sikuwa na uso wa kumfokea. Lakini nakwambia, mdogo wangu, kama mkeo hajui hizo programu tatu, usiendelee kusoma hapa kabla hujamwambia. Na umuulize yeye anadaiwa nini. Vile vikundi vya mikopo vya akina mama vinapita mlango kwa mlango saa nne asubuhi, sisi tuko makazini.

Tuliyapanga upya madeni kwa swali moja: lipi linakula kila siku? Kausha damu watatu, wangu wawili na wa mke wangu, wakawa wa kwanza kwenye orodha, 830,000. Hao hawalipwi kidogo kidogo, maana kidogo kidogo ndiyo chakula chao. Tuliuza friji na redio kubwa, friji peke yake 280,000, mnunuzi jirani wa Yombo. Iliniuma sana, mke wangu alikuwa anauza juisi na barafu kwenye friji hilo. Ila nilikuwa nimeshaona jirani yangu mmoja akibebewa friji kama lile na runinga juu, na wakopeshaji wenyewe wakaandika kwenye daftari lao kwamba vyote ni 150,000. Ukiuza mwenyewe unapanga bei. Wakija kubeba, bei wanapanga wao.

Na kwenda kuwalipa hao kausha damu sikwenda peke yangu, nilikwenda na mjumbe wa shina. Nikaomba waandike kiasi kilichobaki siku ile, wasimamishe faini, nitoe nusu pale pale na nusu ndani ya wiki sita, karatasi isainiwe. Wawili walikubali baada ya maneno mengi. Mmoja alikataa kabisa, nikamlipa yote kwa hela ya friji nikachukua fomu yangu nikaichana mbele yake. Upuuzi tu, lakini nilitembea hadi kituoni kama nimeoga.

Ile programu niliimaliza kwa njia nyingine. Kelele yake yote iko kwenye aibu, basi nikaitoa aibu mwenyewe. Niliwaandikia watu wangu: nadaiwa 84,000, nimechelewa, nalipa, mkipata matusi yapuuzeni. Watu wakacheka, wawili wakanijibu kwamba nao yamewakuta. Nikalipa tarehe niliyoweza. Siku hizi una mahali pa kusemea: Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023, kwa hiyo kumsambazia mkweo deni lako ni kosa unaloweza kulipeleka kwenye Tume yake. Angalia kama hizo tatu zako zina leseni. Piga picha kila ujumbe wanaokutumia, usifute kwa hasira.

Taasisi nilikwenda siku kumi kabla ya tarehe ya rejesho. Hili la tarehe ni kubwa. Ukienda kabla, wewe ni mteja mwenye shida; ukienda baada, wewe ni mdaiwa sugu, na wadhamini wako wameshapigiwa simu. Nilibeba barua ya serikali ya mtaa na namba ya kizimba kilichoungua. Afisa mikopo alinuna, akasema nilikuwa wapi tangu Januari, na alikuwa na haki. Wakanigawia upya miezi minane iliyobaki iwe kumi na minne, rejesho likashuka toka 205,000 hadi 140,000. Piga hesabu utaona nimeongeza 320,000. Nililijua hilo wakati nasaini. Nilikuwa nanunua pumzi, na pumzi ina bei.

Kwa mzee wa Kariakoo ndipo nilipotetemeka. Nilikwenda Mtaa wa Congo na 50,000 mkononi, nikamwambia kila Jumamosi nitaleta hamsini mpaka iishe. Aliipokea, akaandika, akaniuliza sasa nauza nini. Nikamwambia napewa vinguo na wenzangu natembeza. Akamwita kijana wake akanifungia nusu robota, kwa kauli. Yaani mtu ambaye nilikuwa namkwepa mpaka natembelea mitaa ya nyuma ndiye alikuwa ananingoja na mtaji. Nilimlipa Jumamosi ishirini na tatu, mvua, msiba, sikuruka hata moja. VICOBA walijilipa Desemba tulipovunja kikundi, hisa zangu zikaenda kwenye deni, nikatoka na kilo mbili za mchele na soda. Mangi na mwenye nyumba walikuja katikati katikati, sina cha kusimulia. Taasisi nilimaliza Novemba 2023.

Sasa wewe. Hiyo SACCOS ya 1,300,000 inakatwa kwenye mshahara, riba ndogo, haikusumbui usingizini. Iache iendelee. Ugonjwa wako ni 960,000: kausha damu, programu na rafiki. Mtu hachukui milioni tatu kutibu ugonjwa wa laki tisa na sitini. Hiyo chenji ya biashara ndiyo itakuzika, kwa sababu biashara ya mtu anayekimbizwa huliwa mtaji wiki ya pili. Watumishi wa umma wana kanuni ya makato, usibaki na chini ya theluthi moja ya mshahara. Hata kama wewe si mmoja wao, itumie kama kipimo: kwako theluthi ni kama 217,000. Toa nauli ya Kimara hadi Vingunguti kwenda na kurudi, toa kodi, uone unga unatoka wapi.

Ningekuwa wewe, Jumatatu ningemuuliza mweka hazina wa SACCOS kama wana mkopo wa dharura na unaruhusiwa kuongeza juu ya uliopo. Wakikupa 350,000, izime kausha damu siku hiyohiyo, fomu mkononi. Usilale na hizo fedha hata usiku mmoja. Programu anza na ndogo kuliko zote, kisha uifute kwenye simu kabisa, na ile huduma ya mtandao ya kukuongezea salio pungufu nayo uizime, hiyo ndiyo inakurudisha kila tarehe ishirini. Rafiki yako mpelekee hata 20,000 mwisho wa mwezi huu, kwa mkono, ukiwa umekaa. Usimtumie kwa simu.

Kuvunja laini usahau. Namba yako ndiyo imesajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa, wadhamini wako wanaishi palepale, na taasisi zenye leseni zinapeleka taarifa zako kwenye kumbukumbu za wakopaji. Utahama Kimara uende Chanika, miaka mitatu baadaye utaomba mkopo wa kiwanja na deni la 410,000 litakuwa limekutangulia mezani.

Dada yangu bado namalizia, zimebaki 120,000. Ijumaa hii napeleka 40,000. Wewe kaa na mkeo leo, muandike, halafu weka hapa orodha bila majina ya watu wala kampuni, na tarehe ya kila rejesho. Tutaipitia pamoja.