Swali la lugha: Rekodi za maktaba tunazihamisha, tunazibadilisha au tunazigeuza?

Mkutubi mmoja wa Tanga ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Maktaba yetu inaacha mfumo wa zamani wa katalogi na kuingia DSpace, programu ya kompyuta ya kuhifadhi na kutafutia kazi za maktaba. Rekodi zetu zote ziko katika mpangilio uitwao MARC, na huko tuendako wanatumia mpangilio mwingine, Dublin Core. Kwenye ripoti niliandika, 'Tutahamisha metadata za vitabu kwenye mfumo mpya,' yaani yale maelezo ya kila kitabu. Mkubwa akauliza: kama ni kuhamisha tu, mwezi mzima mnaoomba wa nini? Tukapewa siku tano. Mwenzangu mmoja anasema ningeandika kubadilisha, mwingine kutafsiri, mwingine kuhawilisha. Mimi naona ni kugeuza, ila naliogopa neno hilo, maana kwetu ukiambiwa umegeuza maneno umeshatuhumiwa. Lipi sahihi?"

Marahaba. Neno ulilolihisi mwenyewe ndilo lenyewe: kugeuza. Lakini kazi yenu ina matendo mawili, nawe uliyapa yote kitenzi kimoja. Mkubwa wako alisoma Kiswahili chako sawasawa. Kitu kikihamishwa hubaki kilivyo. Ukihamisha kitanda kutoka chumba hiki kwenda kile, kitanda ni kile kile, miguu minne na chaga zake. Asikiaye "kuhamisha rekodi" anaona mizigo inabebwa, na mizigo hubebwa kwa siku tano.

Kugeuza ni kazi nyingine. Utotoni nilikuwa nikitumwa Ngamiani kwa fundi cherehani kupeleka mashati ya baba, aliyekuwa karani wa shamba la mkonge. Kola ikishachakaa kwenye mkunjo, fundi aliifumua uzi mmoja mmoja, akaipindua, upande uliolika ukaingia ndani na uliokuwa mzima ukatoka nje, akaishona tena. Tuliita "kugeuza kola". Shati ni la baba yule yule, kitambaa ni kile kile, ila mshono wote umepita mikononi mwa fundi, na akiwa mzembe kola inakaa upande. Hivyo ndivyo rekodi inavyotoka MARC na kuwa Dublin Core: lazima ifumuliwe kwanza.

MARC ni mpangilio uliobuniwa miaka ya 1960 katika Maktaba ya Bunge ya Marekani, kazi iliyoongozwa na Henriette Avram, ili kompyuta iweze kusoma kilichokuwa kwenye kadi za katalogi. Kila habari ina nyumba yake yenye namba ya tarakimu tatu: mwandishi 100, kichwa cha kitabu 245, waliochangia 700. Dublin Core ilianza 1995 katika mji wa Dublin, ule wa Ohio nchini Marekani, si wa Ireland, nayo katika umbo lake la msingi ina vipengele 15 tu. Nyumba nyingi zinahamia katika vyumba 15. Mhariri, mfasiri na mchoraji, ambao MARC inaweza kumtaja kila mmoja kwa kazi yake, wote wanaweza kujikuta chumba kimoja cha "mchangiaji". DSpace inaruhusu kuongeza kifafanuzi ili mhariri ajulikane kuwa mhariri, lakini hilo halitokei lenyewe. Mtu akae aamue.

Hebu tutazame jina moja kwa karibu, maana hapa ndipo lugha yetu inapoumia. Katika MARC, sehemu ya 100 ina alama ndogo kabla ya jina lenyewe. Ikiwa 1, jina limeanza na la ukoo: "Robert, Shaaban". Ikiwa 0, jina linasomwa moja kwa moja kama wenyewe wanavyolitamka: "Muyaka bin Haji". Rekodi ikigeuzwa, alama hiyo hudondoka. Sasa DSpace, mtu anapojaza fomu kwa mkono, inataka jina la ukoo kwanza, ndipo majina mengine. Asiyejua atamwandika yule mshairi wa Mombasa "Haji, Muyaka bin". Ile "bin" imebaki inaning'inia, mtoto asiye na baba. Haji si ukoo wa Muyaka, ni babake. Msomaji wa Makorora, hapo Tanga, akitafuta "Muyaka bin Haji" herufi kwa herufi, huenda asimpate, na kitabu kipo. Jambo hili linaniuma, na kwa sababu hiyo sitaki kazi yenu iitwe kuhamisha.

Sasa hofu yako. Kweli, "kugeuza maneno" ni tuhuma, na "kigeugeu" hakuna apendaye kuitwa. Dawa iko kwenye yambwa, yaani kile kinachotendwa. Usiseme mnageuza rekodi, wala mnageuza habari za vitabu. Semeni mnageuza *muundo* wa rekodi. Aliyegeuza maneno ameharibu maana, aliyegeuza muundo ameacha maana mahali pake. Na kitenzi hiki kinapenda kufuatwa na "kuwa": tunageuza muundo wa MARC kuwa Dublin Core. Ukiweka "kuwa", msomaji anajua kilikuwa nini na kimekuwa nini, shaka inaondoka.

Kubadilisha si kosa, lakini kuna utata. Aliyebadilisha tairi ametoa moja akafunga jingine. Aliyebadilisha tarehe ya kikao ameigusa habari yenyewe. Ukiandika "tumebadilisha rekodi", mkaguzi ana haki ya kuuliza mlibadilisha nini ndani yake. Kutafsiri kuachieni lugha kwa lugha, kwa kuwa kichwa cha kitabu hakitafsiriwi hapa. Na kuhawilisha tunakujua kutoka kwenye ardhi ya kijiji inayohawilishwa kuwa ardhi ya jumla, na fedha zinazohawilishwa kwa kaya maskini. Kitu kimetoka mamlaka moja kwenda nyingine. Rekodi zenu hazibadili mmiliki.

Baada ya kugeuza ndipo mnahamisha, na hapo pia sentensi yako ina tundu. "Tutahamisha metadata kwenye mfumo mpya" inaeleweka kwa sababu tu umesema "mpya". Jaribu "tutahamisha rekodi kwenye DSpace". Zinatoka DSpace au zinaingia? "Kwenye" haisemi, nacho kitenzi hakisemi. Kiswahili kina chombo cha kuziba tundu hilo: kauli ya kutendea. *Hamishia*. Kama tunavyosema serikali ilihamishia makao yake makuu Dodoma, na hakuna anayeuliza yalikoelekea. Andika "tutahamishia DSpace", i moja tu imeongezeka na njia imejulikana.

Metadata iacheni hivyo hivyo, katika ngeli ya i-/zi- pamoja na data: metadata hizi, metadata za kitabu. Kwa msomaji wa kawaida dirishani, "maelezo ya kitabu" yanatosha kabisa.

Mwishoni mwa barua uliuliza pia kuhusu lile jedwali linaloonyesha sehemu gani ya MARC inaingia kipengele gani cha Dublin Core, ambalo mwenzenu ameliita "kivuko". Ametazama neno la Kiingereza, "crosswalk", ambalo ni lile lile la mahali pa kuvukia barabara kwa miguu. Mtu wa Pangani akisikia kivuko anawaza kuvuka mto kwenda Bweni. Liiteni *jedwali la ulinganifu*: safu ya kushoto kilichopo, safu ya kulia kinakoingia, na ongezeni safu ya tatu ya kinachopotea. Hiyo ya tatu ndiyo mkaionyeshe kwa mkubwa.

Kwa hiyo sentensi ya ripoti yako ningeiandika hivi: "Tutageuza muundo wa rekodi zetu kutoka MARC kuwa Dublin Core, tutakagua majina ya waandishi moja baada ya jingine, kisha tutazihamishia DSpace." Siku tano ziombee kipande cha mwisho tu.